Mhehe Kwenye Meza ya Mchina

Wiki mbili zilizopita nilialikwa chakula cha usiku kwenye mgahawa mmoja wa Kichina, Masaki, Dar es Salaam. Jina silitaji, maana sijatumwa kuutangaza wala kuuchafua. Ila ni pale pa wenye nazo. Mlangoni taa nyekundu za karatasi, ndani samaki wanaogelea kwenye tangi la kioo wakisubiri hukumu yao, na nje magari ambayo tairi lake moja ni mshahara wangu wa mwezi.

Nilipowaaga wenzangu chumba cha habari kwamba naenda kula kwa Mchina, walicheka mpaka machozi. "Leo Mhehe kapata kwao!" alisema mmoja. Wabongo mnaujua utani huu. Watani wetu wamesema miaka nenda miaka rudi kwamba Mhehe akiona mbwa mate yanamtoka. Mchina naye kasemwa hivyo hivyo. Kwa hiyo kwa hesabu za wenzangu, mimi mtoto wa Tosamaganga na mgahawa ule tulikuwa ndugu tuliopotezana.

Nilicheka nao, utani ni utani. Ila kwa kumbukumbu tu: miaka yote niliyokaa Tosamaganga sijawahi kutengewa mbwa, na kwenye menyu ya mgahawa ule, nene kama kitabu cha hadithi, sikumwona pia. Nikiwa kwenye daladala nikawaza kwamba sisi binadamu tunaanza kusingiziana vyakula muda mrefu kabla hatujaketi kula pamoja. Wazo hilo halikuniacha usiku ule, na ndilo limenifanya niandike haya.

Aliyenialika ni rafiki yangu tuliyesoma naye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mimi nikaingia kwenye uandishi wa habari. Yeye akajifunza Kichina, akapata udhamini wa kwenda kusoma China, na leo ni mkalimani wa kampuni moja ya ujenzi. Nilijua kuna jambo. Mtu hakualiki Masaki katikati ya mwezi bila jambo. Nitalifikia.

Meza ilikuwa ya duara, na katikati yake kuna kioo kikubwa cha mviringo kinachozungushwa kwa mkono. Chakula chote kinawekwa hapo. Anayetaka samaki anazungusha, samaki anamfikia. Anayetaka mboga anasubiri zamu. Nilikwenda nikitegemea ugeni, nikakuta nyumbani. Kwa bibi yangu Tosamaganga ugali unawekwa katikati, mboga katikati, watu mnazunguka. Pwani wana sinia lao. Habari ya kila mtu na sahani yake na uma wake tumejifunza kwa Mzungu. Tofauti ya Mchina na sisi ni moja tu: sisi tunanyoosha mkono, yeye anazungusha meza.

Akaja bata wa Beijing. Huyu si bata wa mchuzi. Anakaushwa kwanza, anapakwa kitu kitamu, kisha anachomwa tanuruni mpaka ngozi inakuwa nyekundu na kavu inayokatika kama kaukau. Mpishi alikuja naye kwenye kitoroli akamkata vipande vyembamba mbele yetu. Unachukua kachapati kembamba, unapaka mchuzi mweusi mtamu, unaweka ngozi, tango na majani ya kitunguu, unakunja, unakula kwa mkono. Nilishukuru hapo, maana vile vijiti vilikuwa vimeshanishinda mara tatu na karanga moja ilikuwa imerukia meza ya jirani.

Mhudumu wetu alikuwa binti aliyevaa gauni jekundu la kung'aa lenye kola ya kusimama. Aliposema "karibuni sana kaka zangu", sikio langu likasimama. Lafudhi ile naijua.

"Kamwene," nikamwambia.

Sahani nusura imponyoke. "Kamwene! Kaka wa wapi?"

"Tosamaganga."

"Mimi Kilolo!"

Tukaongea kidogo, kwa kuibia. Akaniambia kwamba Mchina ni yule anayekata bata mbele za wageni. Jikoni wanaopika wengi ni vijana wetu, na samaki niliyekuwa namsifia kapikwa na kijana wa Mbeya. Nikamuuliza na wao wanakula nini. "Ugali, kaka," akasema, "saa tano usiku, wageni wakiisha."

Hapo nikaanza kujiuliza: sisi na Wachina tumefikaje kwenye meza hii?

Tuanzie karibu. Ukitoka Masaki ukaelekea kaskazini kwa barabara ya Bagamoyo, unafika Kunduchi. Kuna magofu ya msikiti na makaburi ya kale ya Waswahili, na kwenye nguzo za baadhi ya makaburi hayo zilipachikwa bakuli na sahani za kauri kutoka China. Vyombo vya namna hiyo vimeokotwa pia Kilwa, na Gedi kule Kenya. Watu wa pwani walivithamini kiasi cha kuvipamba makaburini. Lakini vyombo vile havikuja na Mchina mwenyewe. Kwa sehemu kubwa vilipita mkono hadi mkono, kwa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Meli za Wachina zenyewe zilifika pwani yetu ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 15, chini ya amiri Zheng He, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi akafikishwa kwa mfalme wa China. Kisha safari zile zikasimamishwa. Tukabaki na bakuli bila kumjua aliyelifinyanga.

Tuliomjua Mchina kwa wingi ni sisi wa kizazi cha reli, yaani kizazi cha babu yangu.

Mwalimu Nyerere alikwenda China Februari 1965, na Juni mwaka huo huo Waziri Mkuu Zhou Enlai akaja Dar es Salaam. Zambia ilikuwa inatafuta njia ya kupitishia shaba yake bila kuwapigia magoti makaburu na walowezi wa kusini, na Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, jambo likawa la dharura. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilisema reli hiyo hailipi. China ikasema itajenga. Mkataba ukasainiwa Beijing tarehe 5 Septemba 1967, ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, na Julai 1976 reli ikakabidhiwa: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi.

Sasa hapa nieleze kidogo jiografia kwa wasioijua kwetu. Tosamaganga ni kilima nje kidogo ya mji wa Iringa, si mbali na Kalenga alipokuwa na ngome yake Mtwa Mkwawa. Wageni hatukuwaanzia Wachina. Walikuja Wajerumani na bunduki, wakaibomoa Kalenga mwaka 1894. Wakaja mapadre Wabenediktini, kisha mwaka 1919 mapadre wa Consolata kutoka Italia, na misheni yao ikakua ikawa na kanisa kubwa, shule na hospitali. Kwa hiyo mtoto wa Tosamaganga anajua tangu utotoni kwamba mgeni huja na jiko lake. Ila reli haikutufikia. Iringa mjini iliachwa pembeni. Njia ilipanda kutoka bonde la Kilombero, Mlimba, mpaka Makambako, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Iringa kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012. Kutoka hapo ikaenda Mbeya na Tunduma.

Kipande hicho cha Mlimba hadi Makambako hakifiki kilomita 160, lakini ndicho kilichowatoa jasho kuliko vyote. Milima, mabonde, udongo unaoporomoka. Mahandaki mengi ya reli yapo hapo. Na hapo ndipo babu yangu, akiwa kijana wa JKT, alipomwona Mchina kwa mara ya kwanza.

Nimemhoji babu mara nyingi, tena siku hizi namhoji na daftari mkononi kama shahidi. Anasema kilichowashangaza haikuwa mitambo. Ni kwamba huwezi kujua nani mkubwa na nani mdogo. Wote nguo za rangi moja, wote matope. Mtaalamu anakuelekeza, ukikosea anashika sururu mwenyewe. Na anasema kitu kingine: wakifika mahali, kambi haijaisha kujengwa, wameshalima bustani. Kabichi, vitunguu, maboga. "Hawakuja kula vyetu," husema babu. "Walikuja na mbegu."

"Mlikula pamoja?" nikamuuliza safari moja.

"Hapana. Wao jiko lao, sisi jiko letu. Chai tu ndiyo tulikunywa pamoja. Na chai yenyewe haina sukari, nikaona huu sasa ni uchoyo."

Haukuwa uchoyo, nimekuja kujua baadaye. Wenyewe ndivyo wanavyoinywa, na neno letu "chai" lenyewe asili yake ni China. Limezunguka kupitia Uajemi na India mpaka likatufikia, na leo sisi ndio tunaolima majani yake Mufindi. Lakini hata ungekuwa uchoyo ningeuelewa. Yule Mchina wa mwaka 1972 alitoka kwenye nchi iliyotoka kuzika mamilioni kwa njaa ya 1959 hadi 1961. Kwao nafaka ilinunuliwa kwa kuponi za serikali, kuanzia 1955, na kuponi hizo hazikufutwa mpaka 1993. Julai 1971 Zhou Enlai alimlisha bata wa Beijing Mmarekani Henry Kissinger, aliyekwenda kule kwa siri. Huyo bata mtu wa kawaida hakumwona. Waliokuwa wanapasua mlima Makambako walikuwa watu wa kuponi.

Wengine hawakurudi kwao. Gongo la Mboto, nje ya Dar es Salaam, kuna makaburi takriban 70 ya wataalamu wa Kichina, wengi wao wakiwa wa reli. Kila mwaka mwezi Aprili, msimu ambao Wachina huwakumbuka wafu wao, watu wa ubalozi wao huenda pale. Angalieni hesabu ilivyogeuka. Kunduchi tuna makaburi yetu yenye bakuli zao, na Gongo la Mboto tuna udongo wetu wenye watu wao.

Na nani alilipa? China ilitoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Lakini kulikuwa na gharama za hapa hapa, mishahara ya akina babu na mengineyo, na hizo zilipatikana kwa njia ambayo vijana wenzangu wengi hawaijui. China ilileta bidhaa, serikali ikaziuza madukani, fedha zikaingia kwenye ujenzi. Ndipo nchi ikajaa vitu vya Kichina: chupa za chai, tochi, vitambaa, mabakuli ya bati yenye maua.

Kwa bibi bado kuna bakuli moja la namna hiyo. Jeupe, ua jekundu katikati, ukingo umebanduka rangi kwa miaka. Ndilo anapakulia mboga wakija wageni. Mwaka jana nikamwambia, "Bibi, unajua bakuli hili limejenga reli?" Akaniangalia kama mtu aliyepoteza pesa za ada. Lakini ni kweli. Mama wa Kihehe aliyeuza mahindi yake akanunua bakuli la Kichina alikuwa analipa, kwa senti zake, mshahara wa mume wake kule Makambako. Hakualikwa uzinduzi.

Baada ya hapo wote tulipitia njaa zetu. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ikatuacha hoi, sukari na sabuni zikawa za foleni na za kujuana. Wenzetu kule, kuanzia 1978, Deng Xiaoping akafungua milango ya biashara. Sisi tukafungua yetu kuanzia 1986, enzi ya Mzee Ruksa, na Azimio la Zanzibar la 1991 likawaruhusu viongozi mambo ambayo Azimio la Arusha liliwakataza. Mchina aliyekuja baada ya hapo si yule wa nguo za rangi moja. Kuna mkandarasi, kuna wa duka la Kariakoo, kuna daktari, kuna aliyejenga uwanja wa Taifa uliofunguliwa 2007 na maktaba ya Chuo Kikuu iliyofunguliwa 2018. Na kwa kuwa sasa wana pesa na wana wageni wa kuwakirimu, mji ukapata migahawa.

Kwa hiyo mgahawa ule wa Masaki si jambo dogo. Ni ushahidi kwamba Mchina ameacha kuponi na sisi tumeacha foleni. Sioni ubaya. Watu waliolala njaa wakipata, wale. Swali langu ni lile lile la babu: nani anakaa na nani, na nani analipa.

Nilitazama ukumbini. Sisi Waswahili wachache, Wazungu, Wahindi wawili watatu na familia zao. Wachina wenyewe walikuwa kwenye vyumba vya ndani, milango imefungwa, vicheko vinatoka kila mhudumu anapoingia na sahani. Siwalaumu. Mtanzania naye anaweza kuishi Guangzhou miaka mitano asile kwa jirani hata siku moja. Lakini nusu karne imepita tangu Makambako na bado ni jiko lao na jiko letu. Tofauti ni kwamba sasa jiko lao tunalipika sisi.

Basi tukafika kwenye jambo. Bata ameisha, rafiki yangu akamimina chai kwenye vikombe vidogo kama vya dawa, akasema, "Kaka, ile habari yako ya vibarua."

Nilikuwa na habari ya vibarua wa mradi mmoja wa barabara waliokuwa wanadai malipo ya miezi miwili. Kampuni ni ya kwake.

"Sikuambii uiue," akasema. "Ipumzishe tu. Mambo yatakaa sawa."

Nataka mnielewe. Huyu si mtu mbaya. Tulilala chumba kimoja chuoni tukigawana mkate. Naye ana bosi, ana mama mgonjwa kijijini. Na kwa uandishi wetu huu wa habari, anayekataa nauli ya mtoa habari anaonekana mgonjwa. Lakini nilimwona babu na sururu yake, nikamwona bibi na bakuli lake, na nikawaona wale vibarua wanaolala kwenye mabanda ya mabati pembeni ya barabara. Nikaomba bili.

Ndugu zangu, bili ile! Ilizidi nauli ya kwenda Iringa na kurudi, mara mbili. Nikatoa simu nikalipa nusu yangu kwa M-Pesa. Ilikuwa hela ya kodi ya chumba. Rafiki yangu alinuna, akasema namdhalilisha. Nikamwambia hapana, nataka tu siku nyingine tukutane tena kama ndugu. Hatujaongea tangu siku hiyo, na hilo linaniuma kuliko kodi. Habari ilitoka Jumatano, ukurasa wa tano, imekatwa nusu. Lakini ilitoka.

Wakati wa kutoka, yule dada wa Kilolo alinifungia mabaki ya bata bila kuambiwa. "Kwa ajili ya Kamwene," akasema.

Juzi nimekwenda Tosamaganga. Reli ya babu inazungumzwa tena: Septemba 2024, mjini Beijing, marais wa China, Tanzania na Zambia walishuhudia kusainiwa kwa makubaliano ya kuifufua. Nikadhani nitaongea naye hayo. Yeye alikuwa na lake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia siku hizi unakula kwa Mchina."

"Ndiyo, babu."

"Ulikaa naye meza moja?"

"Hapana. Walikuwa chumba chao, mlango umefungwa."

Babu akanyamaza, akachukua kikombe chake cha chai, yenye sukari nyingi. Akanywa.

"Basi bado," akasema.

Bibi akatenga ugali, na mboga ndani ya bakuli la ua jekundu. Tukanawa.

Nawasilisha.